Meno baada ya miaka 60: mwongozo kamili wa kuyatunza, ya mzazi wako ama yako mwenyewe

Mamangu ana miaka 74 na anaishi na sisi hapa Umoja, Nairobi. Mwaka juzi alianza kula githeri kwa kuchagua, maharagwe anakula, mahindi anasukuma kando ya sahani, na sisi tukadhani amechoka tu na githeri. Kumbe magego mawili ya upande wa kulia yalikuwa yanatingika na yeye aliamua kunyamaza juu kwake hiyo ni kawaida, "ni uzee, hata mama yangu alikufa kibogoyo." Hayo maneno nimeyasikia kwa wazee wengi sana na ndiyo yamenifanya nikae chini niandike hii kitu yote, manake si kweli. Uzee haung'oi meno. Kinachong'oa ni ugonjwa wa fizi na meno kuoza, na yote mawili yanaanzia kwa ukoga, ule utando laini unaousikia kwa ulimi ukiamka asubuhi. Chenye uzee unafanya ni kuongeza ugumu: fizi zinashuka, mate yanapungua, mikono inakufa ganzi, dawa zinakuwa nyingi. Kwa hivyo vile mtu alikuwa anapiga mswaki akiwa na miaka 30 haitoshi saa hii.

Naandika kama naongea na wewe unayemtunza mzazi, lakini kama mzee ni wewe basi shikamoo, na yote yanakuhusu.

Hatua ya 1: Toa dawa zote kwa kabati uziandike

Najua ulitarajia nianze na mswaki. Tutafika. Kwa mzee, karatasi yenye majina ya dawa zake ni muhimu sawasawa na mswaki, na hakuna mtu alituambia hivyo mpaka tulipoumia, nitasimulia kwa hatua ya 6.

Chukua kila pakiti, za presha, za sukari, za usingizi, za mgongo, hata ile miti shamba ameletewa na jirani, andika jina na kiasi kwa karatasi moja alafu piga picha uweke kwa simu. Sasa angalia hivi:

Dawa nyingi sana zinakausha mdomo. Zile za presha zinazofanya mtu akojoe mara kwa mara, za mafua na mzio, amitriptilini inayopewa watu wenye maumivu ya neva ama wasiolala, na nyingine kibao. Mate ndiyo askari wa mdomo, yanaosha chakula, yanapunguza asidi na yanarudisha madini kwa jino, yakikauka meno yanaoza haraka hata kwa mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kuwa na shida. Dalili ni hizi: ulimi unanata, anaamka usiku kutafuta maji, mkate hauteremki bila chai, meno ya bandia yanachubua.

Alafu kuna amlodipini na nifedipini, dawa za presha ambazo wazee wengi hapa kwetu wanakunywa. Kwa watu wengine zinafanya fizi zivimbe na kukua mpaka zinafunika sehemu ya jino. Ukiona fizi zimenenepa na mzee anakunywa hizo, rudi kwa daktari wa presha umwonyeshe, kuna dawa nyingine za kubadilisha. Tafadhali usimwachishe dawa wewe mwenyewe ati juu umesoma mahali, fizi zilizovimba haziui leo lakini presha inaweza.

Weka alama kubwa kwa zinazopunguza kuganda kwa damu kama aspirini, klopidogreli na warfarini, na pia za kuimarisha mifupa kama alendroneti ama sindano za mifupa wanazodungwa wagonjwa wengine wa saratani. Hizi za mifupa zinaweza kufanya mfupa wa taya ukatae kupona baada ya kung'oa jino. Haitokei kwa wengi lakini daktari wa meno lazima ajue kabla ya kushika koleo.

Kwa mdomo mkavu wenyewe, fanya hivi: chupa ndogo ya maji iwe karibu naye siku nzima, anapiga funda kidogo kidogo, si lazima anywe lita nzima kwa mara moja. Big G, yaani chingamu yoyote, isiyo na sukari inaita mate, kama anaweza kutafuna. Vaselini kwa midomo usiku. Na akome kunyonya peremende za mint "kulainisha koo", hiyo ni sukari inakaa kwa meno masaa, mamangu alikuwa na pakiti nzima ndani ya kibeti chake cha kanisa na mimi sikuwa najua.

Hatua ya 2: Washa tochi ya simu uangalie ndani

Mara moja kwa mwezi, mchana, mzee amekaa kwa kiti karibu na dirisha. Kama ana meno ya bandia ayatoe. Nawa mikono kwanza. Anza na midomo kwa ndani, uende mashavu, fizi juu na chini, alafu mwambie atoe ulimi, shika ncha yake na kitambaa safi uvute polepole kushoto na kulia juu pembeni mwa ulimi na chini yake ndipo vidonda vibaya hupenda kujificha. Maliza na kaakaa.

Unatafuta fizi nyekundu ama zinazotoa damu, jino linalocheza, shimo la rangi ya kahawia pale jino linapokutana na fizi, na kidonda chochote, doa jeupe ama jekundu lisilofutika. Kidonda cha mdomo kinatakiwa kipone ndani ya wiki mbili. Kikipita hizo wiki mbili, hata kama hakiumi, na hasa kama hakiumi, peleka mtu kwa daktari. Na kama mzee alikuwa mtu wa sigara, ugoro, kuberi, miraa ama pombe, usipitishe hata siku moja, saratani ya mdomo ikipatikana mapema ni habari tofauti kabisa na ikipatikana imeenea shingoni.

Hapa kuna mambo mawili ya kwetu ambayo hutayapata kwa kijitabu cha ng'ambo. La kwanza, kama mzee alikulia Nakuru, Naivasha, Gilgil, zile sehemu za Bonde la Ufa ambazo maji yake yana madini ya floridi kwa wingi, meno yake yanaweza kuwa ya kahawia tangu utoto. Huo si uchafu na si kuoza, usimsugue kama sufuria. Na kwa sababu ya hayo meno wazee wengine wanaogopa dawa ya meno yenye floridi, wanasema itawazidishia. Haitawazidishia. Ile rangi inaingia jino likiwa bado linajengeka ndani ya ufizi, miaka ya utotoni, ya mtu mzima yalishamaliza kujengeka zamani.

La pili, kama ni mzee wa kutoka Nyanza aling'olewa meno sita ya chini kimila akiwa kijana, meno ya juu yaliyokosa mwenzake yanaweza kuwa yameteremka na yale ya pembeni ya pengo yameinama. Hapo katikati chakula kinajaa, kwa hivyo hayo ya pembeni ndiyo ya kusafisha zaidi.

Hatua ya 3: Mswaki wenyewe

Nunua mswaki laini, umeandikwa "soft" pale kwa pakiti, kichwa kidogo. Hii tabia ya kununua mswaki mgumu ndio usugue mpaka usikie umesugua ndiyo imemaliza fizi za wazazi wetu. Fizi zikishuka, mzizi wa jino unabaki nje, na mzizi hauna lile ganda gumu la juu. Ni laini, unalika na mswaki mgumu, na unayeyuka na asidi kidogo tu. Ndiyo maana wazee wanaoza meno chini kwa shingo ya jino na si juu kama watoto.

Kwa sababu hiyo hiyo wacha mkaa, jivu, chumvi ya mawe na hizo poda nyeusi za kung'arisha. Zinang'arisha kweli, kwa kukwangua.

Dawa ya meno, ama Colgate kama tunavyoita zote hata ikiwa ni ya kampuni nyingine, iwe na floridi. Geuza tyubu usome nyuma, tafuta namba kati ya 1000 na 1500, mara nyingi utaona 1450. Kama haina namba wala neno floridi, hasa zile za mitishamba, rudisha kwa shelfu. Kuna pia ya 5000 ambayo daktari anaandikia watu wenye mdomo mkavu sana ama wanaooza mizizi, hiyo usijiandikie.

Sasa fanya hivi. Mzee akae, si lazima asimame kwa sinki, beseni kwa mapaja inatosha na siku za mgao wa maji kikombe kimoja kinamaliza kazi yote. Dawa kiasi cha punje ya minji. Weka mswaki pale jino linapokutana na ufizi, ulaze kidogo brashi zikielekea ufizi, alafu tikisa polepole kwa miduara midogo, meno mawili matatu kwa wakati. Nje kote, ndani kote, alafu juu pale pa kutafunia. Ndani ya meno ya chini ya mbele simamisha mswaki wima. Dakika mbili. Mtu akihesabu dakika mbili kwa saa anashangaa, wengi wetu tunamaliza kwa sekunde 40. Ulimi pia, kutoka nyuma kuja mbele.

Mwisho ateme, na asisukutue na maji. Hii ndiyo ilileta vita kwetu juu mamangu anasukutua kama mtu anayeoga. Lakini ukisukutua umemwaga floridi yote kwa sinki, yenye ingebaki kwa meno ikifanya kazi. Tema tu. Baada ya siku kadhaa mtu anazoea ile ladha.

Mara mbili kwa siku, na ya usiku ndiyo kubwa, juu ukilala mate yanapungua zaidi. Baada ya ya usiku ni maji peke yake. Akiwa amekunywa juisi ya ndimu, soda ama ametapika, mpe nusu saa kabla ya mswaki, asidi inalainisha jino na ukisugua hapo hapo unaliondoa.

Fizi zikitoa damu, watu huacha kupiga mswaki hapo. Ni kinyume. Damu ni dalili kwamba ukoga umekaa hapo muda, endelea taratibu, na fizi zilizovimba tu kawaida zinatulia ndani ya wiki moja ama mbili. Zikikataa ni daktari, juu ukoga ukishakuwa mgumu unaitwa ugaga na ugaga hautoki kwa mswaki hata ukeshe.

Mikono ikiwa na baridi yabisi ama inatetemeka, nenepesha mpini. Mimi nilikata kipande cha leso kuukuu nikazungusha kwa mpini nikafunga na mpira, nikabadilisha baadaye na ile mpira ya kushikia ya usukani wa baiskeli, sasa anashika vizuri. Mswaki wa umeme unasaidia sana kwa wenye uwezo. Badilisha mswaki kila miezi mitatu ama brashi zikipanuka.

Na ule mswaki wa mti, wa Eastleigh na kwa wachuuzi wa stendi? Sina shida nao, unasafisha. Lakini haufiki vizuri ndani ya magego na wazee wakiwa nao huacha dawa yenye floridi. Utumie mchana, usiku rudi kwa wa dukani.

Hatua ya 4: Katikati ya meno

Mzee ametoka kula nyama choma, anachukua kijiti, anachokora mpaka damu. Kila siku kijiti kinasukuma ufizi chini kidogo zaidi na pengo linakuwa kubwa, kesho nyama inaingia zaidi, kijiti kinaenda zaidi. Badala yake tumia vile vibrashi vidogo vya kupitisha katikati ya meno, vinauzwa kwa maduka ya dawa makubwa, vina saizi tofauti kwa rangi, kiwe kinaingia bila kulazimisha. Meno yakiwa yamebanana tumia uzi wa meno. Mara moja kwa siku, usiku kabla ya mswaki. Uzi wa kushonea hapana, unakata ufizi.

Hatua ya 5: Chai

Ningeweza kuandika hatua nzima ya chakula lakini kwa mzee wa Nairobi shida iko kwa chai. Chai ya saa moja, ya saa nne, ya saa kumi, wageni wakija nyingine, kila kikombe vijiko vitatu na thamosi iko mezani siku nzima. Si wingi wa sukari peke yake, ni mara ngapi. Kila ukipiga funda tamu, bakteria wa ukoga wanatengeneza asidi kama nusu saa hivi, na mtu anayekunywa kidogo kidogo kuanzia asubuhi mdomo wake haupumziki kabisa. Kama ni lazima anywe na sukari, anywe na chakula amalize. Ya katikati iwe bila sukari ama iwe maji. Sisi tulipunguza nusu kijiko kila wiki mbili, kimya kimya, na hakugundua mpaka kijiko kimoja, hapo akagundua na tukagombana lakini alishazoea.

Mtu akishindwa kutafuna huwa anahamia mkate mweupe na chai, mandazi na chai, uji wa sukari, vitu laini ambavyo ndivyo vinaozesha. Afadhali umlainishie chakula cha kweli: githeri ipikwe sana ama ipondwe, sukuma ikatwe ndogo kabisa, nyama ya kusaga, samaki, mayai, ndengu, maziwa lala, parachichi, papai. Na akiwa na ugonjwa wa sukari, jua kwamba fizi mbovu zinafanya sukari iwe ngumu kushuka, na sukari ikiwa juu fizi zinazidi kuharibika. Huwezi kutibu moja uache nyingine.

Hatua ya 6: Kwenda kwa daktari, na usiende kung'olewa tu

Kwetu mtu anaenda kwa daktari wa meno siku ile hajalala. Amekunywa maji ya chumvi, ameweka karafuu, mwenye duka la dawa amemuuzia amoksilini na dawa ya maumivu mara tatu, uvimbe umeshuka umerudi, sasa akifika anasema kitu kimoja, "ng'oa." Antibayotiki haiponyi jino, inatuliza usaha kwa siku kadhaa, chanzo kiko pale pale ndani ya mzizi. Na meno mengi yanayong'olewa yangezibwa ama kutibiwa mzizi kama mtu angekuja miezi sita mapema. Jino la pembe si dawa ya pengo, wahenga walisema, na hawakuwa wameona bei ya meno ya bandia siku hizi.

Ile siku yetu mbaya ilikuwa hivi. Magego ya mamangu yalipomshinda tulimpeleka mahali fulani karibu tu na nyumbani, sitapataja. Hakuna mtu aliuliza anakunywa dawa gani, hakuna mtu alipima presha, jino liling'olewa kwa dakika kumi tukaambiwa twende. Alikuwa kwa aspirini kila siku ya moyo. Damu ilitoka mpaka saa tano usiku, foronya nzima, tukamrudisha hospitali nyingine usiku huo. Baadaye daktari mwingine alitueleza kwamba kwa aspirini mara nyingi mtu anang'olewa bila hata kuiacha, ni daktari tu ajue ajipange, aweke dawa ya kugandisha hapo ndani na kushona. Kuacha dawa ya moyo bila kuulizana na daktari wa moyo ni hatari zaidi ya hiyo damu. Warfarini ndiyo inahitaji kipimo cha damu kabla.

Kwa hivyo fanya hivi. Kwanza thibitisha leseni. Madaktari wa meno wanasajiliwa na KMPDC, lile baraza la madaktari na madaktari wa meno wa Kenya, na unaweza kutafuta jina la daktari ama la kliniki kwa tovuti yao, leseni ni ya kila mwaka. Mtu akikasirika ukiuliza, toka.

Pesa ikiwa shida, Chuo Kikuu cha Nairobi kina hospitali yake ya meno pale Argwings Kodhek Road, Hurlingham, wanafunzi wanatibu wakisimamiwa na walimu wao na mara nyingi bei iko chini kuliko za kibinafsi. Ni pole pole, beba subira na kitu ya kusoma. Hospitali za kaunti pia zina vitengo vya meno. SHA, bima ya afya ya serikali, iliingia badala ya NHIF Oktoba 2024, kwa hivyo hakikisha mzee amesajiliwa na uulize hiyo hospitali, kabla hajakaa kwa kiti, ni huduma gani ya meno inalipiwa na gani utatoa mfukoni.

Chukua nafasi ya asubuhi. Mwenye sukari ale na anywe dawa kama kawaida kabla ya kuja, asije na njaa. Mwenye presha anywe dawa yake, na ikipimwa iwe 180 kwa 110 ama zaidi wataahirisha kazi isiyo ya dharura, msigombane nao. Toa ile karatasi ya dawa. Sema kama amewahi kubadilishiwa valvu ya moyo, huyo hupewa antibayotiki kabla. Mwambie daktari unataka kuokoa yanayookoleka. Omba eksirei, kusafishwa ugaga, na uulize kuhusu kupakwa floridi kwa mizizi iliyo wazi. Baada ya hapo ni kila miezi sita, ama mitatu hadi minne kama fizi zina ugonjwa.

Ikibidi kung'oa: aume pamba kwa nguvu dakika 30 bila kuchungulia chungulia. Siku hiyo asisukutue, asitemeteme, asinywe kwa mrija, asivute sigara, asinywe chai moto. Kesho yake ndiyo maji vuguvugu na nusu kijiko cha chumvi kwa kikombe, baada ya kula, taratibu. Kwa maumivu parasetamoli ndiyo salama kwa wengi, ibuprofeni na presha ama figo mbovu hazipatani. Na tafadhali msiweke kidonge cha aspirini juu ya ufizi, kinauchoma kama asidi.

Hatua ya 7: Meno ya bandia

Nimeona mtu amebandika yake na supaglu. Msifanye hivyo. Meno ya bandia yanalegea kwa sababu mfupa wa taya unazidi kupungua baada ya meno kutoka, kwa hivyo hata yaliyokutosha vizuri yatakuja kuchezacheza na daktari anaweza kuyajaza ndani ama kutengeneza mapya.

Kila usiku yatolewe. Fizi zinahitaji kupumzika na kuvu hupenda pale chini kwenye unyevu, ndiyo ile fizi nyekundu inayowasha. Tandika taulo ama weka maji kwa beseni chini ndio yakianguka yasivunjike, yasugue na brashi na sabuni ya vyombo kidogo, si dawa ya meno, inayakwaruza. Suuza, loweka kwa maji baridi ndani ya kikombe chenye kifuniko. Maji moto yanayapinda. Asubuhi suuza tena. Na fizi zenyewe zipigwe mswaki laini, ulimi pia, hata kama hakuna jino lolote. Yakiwa ya sehemu tu, yale meno yanayoshikilia vyuma ndiyo yanaoza kwanza, yasafishwe zaidi.

Hatua ya 8: Ukiwa wewe ndiye unamsafisha

Kwa mzee aliyepata kiharusi ama anayesahau, hii kazi ni yako na haiwezi kurukwa, juu uchafu wa mdomo ukiteremka kwa mapafu unaleta nimonia. Akae wima, kidevu kimeinama kidogo kama anaangalia kifua, asilale chali. Simama kando yake ama nyuma, shika kidevu na mkono mmoja. Mswaki wa mtoto, dawa kidogo sana, na kitambaa cha kupangusa badala ya maji ya kusukutua. Kwa aliyepooza upande mmoja pitisha kidole chenye glavu ndani ya shavu la upande huo baada ya kila mlo, utashangaa, ugali wa mchana mzima uko hapo na yeye hausikii.

Akikataa, usimshike kwa nguvu. Mwambie kila unachofanya, mpe mswaki wake ashike na yeye, piga wa kwako mbele yake, ama urudi baada ya nusu saa. Shosho mmoja wa jirani yetu anakubali tu akiimbiwa wimbo wa kanisa, na beti tatu ni karibu dakika mbili.

Ya kukimbia nayo hospitali saa hiyo hiyo

Uvimbe chini ya taya ama shingoni unaokua. Homa pamoja na jino. Mdomo kukataa kufunguka, kushindwa kumeza mate, sauti kubadilika, kupumua kwa shida. Damu ya jino lililong'olewa isiyokoma baada ya kuuma pamba tena nusu saa nyingine. Hapo si kliniki ya meno ya kesho asubuhi, ni hospitali kubwa yenye dharura, usiku huo huo, na ile karatasi ya dawa uibebe.